Vijana wetu wanaacha miradi ya programu huria kwa jibu la mistari miwili. Tulizungumze hili

Fundi wa Kikwajuni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleykum wanajukwaa.

Nafundisha vijana kuandika programu hapa mjini Unguja. Wengi wametoka vyuo vya hapa, SUZA na Taasisi ya Karume, wengine wamejifundisha wenyewe kwa simu kabla ya kupata kompyuta. Uwezo wanao. Python, lugha ya kuandikia programu, wanaiandika vizuri, na Git, chombo cha kuhifadhi kila badiliko la programu, wanaijua. Kinachowarudisha nyuma hakimo kwenye kompyuta kabisa, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Kijana anakesha akitafuta hitilafu katika maktaba ya programu huria, yaani ambayo maandishi yake (msimbo) yako wazi kwa yeyote kuyasoma na kuyarekebisha, inayotumiwa dunia nzima. Anaipata, anairekebisha, anapeleka ombi la kuliunganisha rekebisho lake na mradi kule GitHub, mtandao inakowekwa miradi hii. Asubuhi anakuta msimamizi wa mradi ameandika: "Kwa nini umefanya hivi? Majaribio ya kuipima kazi hii yako wapi? Igawe sehemu mbili." Basi. Hakuna salamu, hakuna ahsante, hata jina la kijana halikutajwa. Anafunga laptopu na mradi ule harudi tena. Ukimuuliza anakwambia, "Maalim, wamenifukuza."

Hakufukuzwa hata kidogo. Kwenye miradi hii mtu ambaye kazi yake haitakiwi mara nyingi hajibiwi. Ombi lake linakaa mpaka linasahauliwa. Aliyeulizwa "kwa nini" amesomwa mstari kwa mstari, tena aliyemsoma aghalabu ni mtu anayejitolea, halipwi, anaifanya kazi hii usiku baada ya kazi yake ya mchana. Na lile "kwa nini" linataka sababu kwelikweli. Kwetu mzazi akikuuliza "kwa nini umefanya hivi" hatafuti sababu, anakugombeza, na adabu ni kuinamisha kichwa ukanyamaza. Basi kijana ananyamaza. Yule wa upande wa pili anangoja jibu, halioni, anahisi huyu hana haja na kazi yake mwenyewe. Wote wawili wameudhika na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Ninavyoliona mimi, shida ni pale tunapoiweka heshima. Sisi tunaiweka kwenye uso wa mtu. Haja haitangulii salamu. Ukiwa na neno na mtu mzima unamwita pembeni, humsemi mbele ya watu. Wale waliojenga miradi hii, na wengi wa mwanzo walikuwa watu wa Marekani na Ulaya ya kaskazini, wameiweka heshima kwenye wakati wa msomaji. Linus Torvalds alipoitangaza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwezi wa Agosti 1991 akiwa Helsinki, kazi ilipitia kwenye vikundi vya mazungumzo vya mtandaoni na barua pepe, na mpaka leo sehemu kubwa ya kazi ya Linux inapita kwenye barua pepe za kikundi. Ukiandika mistari mitano ya kujieleza, umewasomesha maelfu ya watu mistari mitano. Kwa hiyo anayeandika kwa ufupi anajiona ndiye mwenye adabu.

Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya waandishi wa programu ulioanza 2008, una desturi kwamba swali liwe swali tu. Salamu, shukrani na jina la mwishoni huondolewa, na mtumiaji mwengine anaweza kukufutia. Kijana mmoja aliandika salamu ya dini juu ya swali lake, ikafutwa, akaja kwangu ana hasira akiamini amefutiwa kwa sababu ya Uislamu wake. Nikamuonesha maswali ya Wamarekani yaliyofutiwa salamu zao na shukrani zao vile vile. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nimsaidie kuliandika swali upya.

Kwenye vyumba vya mazungumzo ya kazi ni hivyo hivyo. Sisi tunaandika "habari za asubuhi" tukangoja tuitikiwe, ndipo tuseme haja. Mwenzako aliye Berlin ameacha anachofanya, hajui unataka nini, na umeme ukikatika unarudi baada ya saa nzima. Jambo hili limewakera mpaka pakawekwa ukurasa maalumu kwenye intaneti unaowaomba watu wasitume salamu tupu kisha wakakaa kungoja, na wapo wanaoweka kiungo chake kwenye wasifu wao wa kazini. Salamu yenyewe hawaikatai. Wanataka ije pamoja na haja yake, ujumbe mmoja.

Lililo zito zaidi ni hili la kuitana pembeni. Kijana wetu akiona kosa katika kazi ya msimamizi, kwa heshima anamwandikia barua pepe ya faragha asimuaibishe. Kwake ni sitara. Kwa yule msimamizi ni mzigo, kwa sababu swali lililojibiwa faragha litaulizwa tena na watu wengine ishirini, na wale ambao wangeweza kulijibu kwa niaba yake hawakuliona. Wengi hawajibu barua hizo. Kijana anasema wana kiburi.

Tena sisi wenyewe tunajua kukosolewa hadharani bila ya kufedheheka. Waliosoma chuoni, yaani madrasa, wanakumbuka: unasoma Qur'ani mbele ya wenzako, ukikosea herufi moja maalim anakukata papo hapo, hasemi "samahani mwanangu", unarudia mpaka inyooke. Hakuna aliyetoka pale akasema kavunjiwa heshima, maana kila mtu anajua kinachotakiwa ni usomaji usahihike. Ukaguzi wa msimbo nauona hivyo, na vijana nikiwaeleza hivyo huwa wananielewa.

Nataka kusikia na wengine, khasa mnaofanya kazi na watu wa nje kila siku.

Bint Mlandege

Waaleykum salaam Maalim. Mada nzuri, lakini kuna pahala nataka kukupinga.

Si kila ukali ni utamaduni. Huyo Torvalds uliyemtaja, kwa miaka mingi watu walikuwa wanamtetea kwamba ndivyo alivyo, mtu wa kusema wazi, Wafini ndivyo walivyo. Mwezi wa Septemba 2018 yeye mwenyewe aliandika kwenye kikundi cha Linux akaomba radhi kwa tabia yake ya kuwashambulia watu kwenye barua pepe, akakaa kando kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni mpya za mwenendo. Mwaka huo huo wa 2018 Stack Overflow nao walitangaza wenyewe kwamba watu wengi wanauona mtandao wao ni pahala pa uadui, khasa wanaoanza, wanawake na watu wasio weupe. Ikiwa wenyewe wamesema lile lilikuwa kosa, sisi hatuna haja ya kuwatafutia udhuru wa utamaduni.

Mimi ni mwanamke ninayeandika programu. Nimeandikiwa maneno ambayo Berlin ni matusi, Nairobi ni matusi na Darajani ni matusi. Kipimo changu ni kimoja: maneno yanasema juu ya msimbo au yananisema mimi? "Kazi hii ina pengo la usalama" nalipokea hata likija kavu. "Wewe hujui unachofanya" silipokei, naliripoti kwa wanaosimamia kanuni za mradi, na naendelea na kazi yangu. Vijana wafundishwe na hilo la pili pia. Ukiwafundisha kuvumilia tu, watavumilia hata yasiyovumilika.

Na jengine. Tunapoandika tunaanza "Mpendwa Bwana" kama tulivyofundishwa skuli kuandika barua ya kuomba kazi. Wapo wasimamizi wanawake. Rafiki yangu wa Kireno anaitwa bwana kila wiki na watu wa kwetu, na sisi tunadhani tumempa taadhima.

Fundi wa Kikwajuni

Dada yangu umesema kweli na kipimo chako nitakitumia darasani. Sikukusudia kuwatetea wanaotukana. Nilimkusudia yule asiye na ubaya wowote, aliyeandika kwa haraka kati ya kazi mbili, ambaye kijana wetu anamuona adui. Hao ndio wengi, na ndio tunaowapoteza bila ya sababu.

Mwenyeji wa Wete

Nami niongeze ya kwetu Pemba, ingawa hayana uzito kama hayo ya juu.

Majina. Sisi tuna jina la mtu, la baba, la babu. Fomu zinataka "jina la ukoo", tunaweka la babu, halafu mtu wa Kanada anakuandikia akikuita kwa jina la babu yako peke yake. Mara ya kwanza vijana wanaona ajabu, wanadhani wanafanyiwa mzaha. Mwaka 2010 mtaalamu mmoja, Patrick McKenzie, aliandika orodha ndefu ya mambo ambayo watengeneza programu wanayaamini kuhusu majina na si kweli, na hili la kila mtu kuwa na jina la ukoo ni miongoni mwake. Ushauri wangu: kwenye Git weka jina unalotaka uitwe, mwanzo kabisa. Git haikuulizi pasipoti.

Saa. Hapa kuna mawili. La kwanza linajulikana: mtu anafikiri kwa saa zetu, anaandika kwa Kiingereza "nitakuwepo saa 3", wenzake wanangoja alasiri, yeye alikuwepo asubuhi. La pili vijana wengi hawalijui. Sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kupimia ya dunia nzima, mwaka mzima, hatubadilishi. Ulaya wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kikao cha saa 10 jioni ya Amsterdam kwetu ni saa 11 wakati wao wa joto na saa 12 wakati wao wa baridi, kwenye magharibi kabisa. Nimeona kijana anaingia kikaoni kwa saa ile ile aliyoizoea, anakuta chumba kitupu, na wiki iliyofuata anaambiwa hakuhudhuria. Andikeni saa kwa UTC, na kwenye kalenda chagueni Africa/Dar_es_Salaam ili kompyuta iwahesabie.

Na anayetaka kuondoka kwenda kusali aseme tu kwamba anaondoka na anarudi saa ngapi. Hakuna anayekasirika. Wanachokasirikia ni mtu kupotea bila ya neno.

Mtoto wa Mkoani, Uholanzi

Salamu kutoka Rotterdam. Huu ni mwaka wangu wa tano na Waholanzi, na bado kuna siku naudhika.

Hawa wanamwambia mkuu wao wa kazi "hili wazo ni baya" kwenye kikao, mbele ya watu, kisha wanakwenda kula pamoja. Msimamo wao ni kwamba kukuficha kosa lako ni kukudharau, kukuona huwezi kulistahimili. Nilipolielewa hilo mengi yakawa mepesi.

Lakini nataka kusema la upande wetu, maana na sisi tunawaudhi na hatujui. Neno letu "sawa". Sisi "sawa" maana yake nimekusikia. Mkaguzi akiniambia badilisha jambo fulani, nikajibu sawa, yeye ameshaandika kwenye kitabu chake kwamba nitalibadilisha. Mimi pengine silikubali, ila naona vibaya kumkatalia. Siku tatu baadaye anaangalia, sikubadilisha kitu. Kwake nimesema uongo. Hivyo hivyo "nitajaribu, inshaallah", ambayo kwetu mara nyingi ni kukataa kwa upole na kila mtu anaelewa. Kule inaandikwa ni ahadi. Nimejifunza kusema: "Hili silikubali, kwa sababu hii na hii." Wallahi mara ya kwanza mkono ulikuwa unatetemeka. Jibu lililokuja lilikuwa: hoja nzuri, tuache kama lilivyo.

Jengine ni maswali ya kukanusha. Mkaguzi anauliza, "Hukuligusa faili la mipangilio?" Mswahili anajibu "ndiyo", yaani ndiyo, sikuligusa. Mwenye Kiingereza chake anaelewa kwamba nimekiri kuligusa. Hapa kosa linaingia ndani ya programu yenyewe, si hisia tu. Dawa yake nyepesi: usijibu kwa neno moja. Andika "sikuligusa".

Na msidhani wao hawachoki na maneno makali. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeianzisha Python, alijiuzulu uongozi wake mwezi wa Julai 2018 baada ya mabishano makali juu ya pendekezo moja dogo la lugha, akasema amechoka na hataki tena kupigania pendekezo namna ile. Mtu aliyekulia huku, tena kwenye mradi wake mwenyewe.

Kipanga wa Ng'ambo

Naheshimu yote mliyosema, lakini kwa nini kila siku sisi ndio wa kujirekebisha? Tujifunze Kiingereza chao, saa zao, ukavu wao, majina tuyageuze. Wao wamejifunza nini chetu? Kijana wa Makunduchi anaandika kwa lugha yake ya pili au ya tatu, kwa bando la kununua, na bado anaambiwa maelezo yake marefu. Miradi inasema ni ya dunia nzima. Basi na iwe ya dunia nzima.

Jirani wa Mkunazini

Kipanga, hasira yako naifahamu, na nina mfano unaokuunga mkono na kukupinga kwa pamoja.

Mnakumbuka mjadala wa maneno "bwana" na "mtumwa" katika kompyuta, yaani mashine moja inayoamrisha na nyengine inayofuata. Django, zana ya kujengea tovuti kwa Python, waliyaacha 2014, Python wenyewe 2018, na kuanzia Oktoba 2020 GitHub wakaacha kuliita tawi kuu, yaani nakala kuu ya msimbo, la kila mradi mpya kwa lile neno la "bwana". Nilisoma kurasa nyingi za mabishano yale. Upande mmoja ulisema maneno yanaumiza. Upande mwengine ulisema hayo ni mambo ya Wamarekani, watu wengine duniani hayawahusu, wasilazimishwe kubeba historia isiyo yao.

Mimi nayasoma hayo nimekaa Mkunazini, hatua chache kutoka kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa 1873. Utumwa kisheria haukuondolewa Zanzibar mpaka 1897. Na katika kurasa zote nilizosoma sikuona mtu wa pwani yetu akisema neno, si la kukubali wala la kukataa. Tumehesabiwa miongoni mwa wale "wasiohusika" kwa sababu hatukuwepo chumbani.

Ndiyo maana nasema Kipanga una haki, na pia hoja ya Maalim inabaki pale pale. Wabadilike, naam. Lakini nani atawaambia, ikiwa kila kijana wetu anaondoka kwenye jibu la kwanza? Mtu anayesikilizwa katika miradi hii ni yule ambaye kazi yake imeshaunganishwa mara nyingi. Kuna miradi imebadilisha mwongozo wake wa wachangiaji, ikaweka maneno ya kumkaribisha mgeni na kumwambia mapema kwamba ukaguzi wetu ni mfupi usihuzunike. Mabadiliko hayo yaliletwa na watu waliobaki.

Kipanga wa Ng'ambo

Hilo la Mkunazini sikuwahi kulifikiria. Nimekuelewa jirani. Bado nasema mzigo haujagawanywa sawa.

Jirani wa Mkunazini

Haujagawanywa sawa, kweli.

Kijana wa Chake

Shikamooni wote. Nimesoma uzi mzima. Mimi lililonikuta ni hili: nilifungua tiketi ya hitilafu, yaani taarifa ya kosa, kwenye mradi mmoja, msimamizi akaniuliza toleo ninalotumia. Wakati ule nikawa na mitihani, kisha Ramadhani, sikujibu. Niliporudi nimekuta tiketi imefungwa na maandishi kwamba haina uhai. Nimeona haya hata kurudi. Hitilafu bado ipo, nimeihakikisha jana, na nadhani najua inapotoka. Niombe radhi kwanza kwa faragha au niache tu?

Fundi wa Kikwajuni

Marahaba mwanangu. Usiache, na faragha usiende.

Aliyekufungia si mtu, ni roboti. Miradi mingi imeweka kiroboti cha GitHub ambacho kwa mpangilio wake wa kawaida hungoja siku 60 bila ya mtu kuandika kitu, kinatia alama, kisha baada ya siku 7 kinafunga. Hakijui Ramadhani wala mitihani, na hakina kinyongo na wewe. Msimamizi pengine hakuona hata ilipofungwa.

Andika pale pale kwenye tiketi, hadharani. Sema, kwa mfano, hivi kwa Kiingereza chako: "Habari. Hitilafu hii bado ipo katika toleo la sasa. Nimeihakikisha jana kwenye Ubuntu. Samahani sana kwa kuchelewa na kwa usumbufu niliousababisha. Hatua za kuirejea ni hizi hapa. Nadhani chanzo ni namna tarehe inavyosomwa kwenye faili hili. Naweza kupeleka marekebisho pamoja na majaribio. Naomba tiketi ifunguliwe." Weka na toleo unalotumia, maana ndilo aliloulizia tokea mwanzo.

Bint Mlandege

Maalim, niruhusu niiguse kidogo barua yako. Lile "samahani sana kwa usumbufu niliousababisha" litoe. Hakumsumbua mtu; amewaletea hitilafu ambayo wao hawakuiona. Likibaki, msomaji atatafuta usumbufu gani huo. "Nimechelewa kujibu" inatosha. Na toleo liende mstari wa kwanza, kabla ya kitu chengine chochote.

Kijana wa Chake, ukipeleka marekebisho weka majaribio ndani ya ombi hilo hilo, na kabla ya kutuma soma faili la mwongozo wa wachangiaji uone majina ya majaribio wanayapangaje. Ukikwama kwenye Git nitumie ujumbe hapa jukwaani, nipo mpaka usiku.